Kisiwa cha Takawiri: Ni Mali ya Nani?

Msafiri atokaye Mbita kwa mashua, akielekea Mfangano, huiacha Rusinga upande mmoja, kisha huona mbele yake kisiwa kidogo chenye ufuko wa mchanga mweupe. Nyuma ya mchanga huo imesimama miti ya jamii ya mnazi, hata mtu aliyewahi kufika Malindi au Lamu hudhani kwamba bahari imehamia Nyanza. Hicho ndicho Takawiri. Mashua nyingi za abiria ziendazo Mfangano hupita hapo, hushusha watu wawili watatu na magunia yao, kisha huendelea na safari.

Katika sehemu moja ya kisiwa imejengwa hoteli ya watalii, nao wageni waendao huko kupumzika mara nyingi huambiwa kwamba wanakwenda katika kisiwa cha faragha, yaani kisiwa chenye mwenyewe. Walakini hao hao wageni wakitembea kidogo hukuta nyumba za watu, mashamba ya mahindi na mtama, watoto, mbuzi, na nyavu zilizotandazwa. Mwaka 2012, wachunguzi wa malaria walipopima damu za watu wa Takawiri, na za watu wa Ngodhe, Kibuogi na Mfangano, waliona kwamba wengi walikuwa na vijidudu vya ugonjwa huo mwilini na hali hawakuwa na homa wala hawakujijua. Basi kisiwa hicho si kitupu, na hakijapata kuwa kitupu kwa muda mrefu. Ni vema kuuliza neno hili la mali ya mtu lilifikaje visiwani, na lina nguvu kiasi gani mbele ya watu, mbele ya sheria na mbele ya maji.

Wa kwanza kukaa katika visiwa vile hawakuacha jina lolote, waliacha picha. Huko Mfangano, katika pango la Mawanga na mwambani Kwitone, kuna mizunguko na miviringo iliyochorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe, kazi ya wawindaji wa zamani sana ambao wenyeji huwaita Watwa. Waliokuja baadaye hawakuzifuta picha hizo. Walizitazama kwa hofu na heshima, wakaenda mahali pale kuomba mvua. Watu hao wa baadaye ndio Wasuba, au kama wajiitavyo wenyewe, Abasuba. Masimulizi yao yasema kwamba wazee wao walitoka upande wa Buganda na Busoga, wakakimbia fitina na mauaji yaliyotokea katika nyumba ya Kabaka, karibu na mwisho wa karne ya 18. Walikuja kwa mitumbwi, kisiwa kwa kisiwa, mpaka wakafika Mfangano, Rusinga, Takawiri na visiwa vidogo vya jirani, na wengine wakavuka hadi Gwassi, Kaksingri na Muhuru.

Kwa mtu anayekimbia, kisiwa ni ngome isiyohitaji ukuta. Adui wa nchi kavu hawezi kufika ila kwa chombo, na chombo huonekana tangu mbali. Lakini kisiwa kidogo kina dhiki zake: udongo ni haba, malisho ni haba, kuni ni haba. Kwa hiyo watu wa visiwani hawakuweza kuishi kwa kujifungia. Walivua samaki, wakawakausha, wakavuka nao kwenda bara kutafuta nafaka na mifugo. Mitumbwi yao ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, si ya gogo moja lililochongwa, na ufundi huo waliushiriki na watu wa Sese na Buganda. Mwenye mtumbwi mkubwa alikuwa mtu mkubwa. Pengine alikuwa na heshima kuliko mwenye shamba, maana shamba la Takawiri halikuweza kumtajirisha mtu, bali mtumbwi uliweza.

Hapa yafaa kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha jambo. Desturi ya Wajaluo, ambayo Wasuba waliifuata zaidi na zaidi kadiri walivyooana nao na kusema lugha yao, iliwagawa watu wa nchi katika mafungu mawili. Wako wenye ardhi, waitwao weg lowo, ambao wazee wao ndio waliofyeka mwitu na kuzikwa hapo. Tena yuko jadak, yaani mgeni aliyekaribishwa akapewa mahali pa kujenga na kulima. Jadak aliweza kukaa miaka mingi, hata wajukuu wake wakazaliwa hapo, lakini alijua kwamba akigombana na wenyeji wake aweza kuambiwa afunge mizigo. Basi si kweli kwamba zamani ardhi haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa naye, ila mwenyewe alikuwa ukoo, na ukoo haukuweza kuiuza kwa mtu wa mbali kama auzavyo mtu ng'ombe wake.

Walakini ziwa lilikuwa jambo jingine. Katika midomo ya mito, koo zilikuwa na mitego yao ya samaki, na ole wake mtu wa ukoo mwingine aliyetega hapo. Lakini maji mapana yalikuwa ya kila mwenye chombo. Na kati ya ardhi yenye wenyewe na maji yasiyo na mwenyewe palikuwapo dho wath, yaani bandari ndogo, mahali pa kuvutia mitumbwi nchi kavu. Bila mahali hapo hata mwenye mashamba kumi hakuweza kutoka kisiwani. Mtu aliyetupwa na dhoruba usiku hakuulizwa kwanza yeye ni wa ukoo gani ndipo aruhusiwe kupandisha mtumbwi wake. Yeyote anayeijua dhoruba ya ziwa lile, ambayo hushuka ghafula toka milimani baada ya adhuhuri au usiku wa manane, ataelewa kwa nini.

Watu wa Gwassi, ng'ambo ya pili kutoka Mfangano, husimulia habari za mvuvi mmoja maskini, Nyamgondho mwana wa Ombare. Alitega, akamvua mwanamke mzee badala ya samaki. Akampeleka nyumbani, na kwa baraka za mwanamke huyo zizi lake likajaa ng'ombe. Alipotajirika alilewa, akamtukana yule mama kwa asili yake. Mama akaondoka, akarudi majini, na ng'ombe wote wakamfuata wakaingia ziwani. Mahali hapo huonyeshwa hata leo karibu na Nyandiwa. Watu wa visiwani waijua sana hadithi hii, nao huitaja kwa kicheko wamwonapo mvuvi aliyepata fedha nyingi kwa ghafula akaanza kutembea kifua mbele.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na mara ziwa likabadilika. Meli za chuma zilianza kutembea, na samaki wa visiwani wakapata soko la fedha. Lakini katika miaka hiyo hiyo ulikuja msiba. Malale, ugonjwa wa usingizi uletwao na mbung'o wakaao vichakani kandokando ya maji, ulitokea Busoga na kuenea ukiambaa fuo za ziwa. Katika Uganda peke yake watu waliokufa walikadiriwa kupita 200,000, na visiwa vya Sese vilihamishwa watu wote kwa amri ya Serikali kufikia mwaka 1909. Fuo na visiwa vya Kavirondo ya Kusini, kama wilaya ile ilivyoitwa siku hizo, vilipigwa vibaya pia. Nyumba zilibaki bila watu, vichaka vikarudi, na mbung'o wakafuata vichaka. Mtu aangaliaye kisiwa chenye watu wachache katika ramani ya siku zile asidhani kwamba hakikuwa na wenyewe. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamekimbilia vilimani, na wengine wangerudi.

Na wakati watu wamepungua hivyo, ndipo sheria mpya ya ardhi ilipowekwa. Sheria ya mwaka 1902, na hasa ile ya mwaka 1915, iliifanya ardhi yote iliyokaliwa na Waafrika kuwa ardhi ya Taji la Uingereza. Mwaka 1921 mahakama ilitamka waziwazi kwamba mwenyeji katika ardhi hiyo ni mpangaji tu, akaaye kwa hiari ya Serikali. Yaani, kwa lugha ya ziwani, watu wote wa nchi walifanywa jadak kwa siku moja, nao wenyewe hawakupewa habari. Katika kisiwa kidogo kama Takawiri jambo hilo halikuonekana kwa macho. Hakuna mlowezi aliyekuja kupanda kahawa katika mchanga ule. Mtu aliendelea kulima palipolimwa na baba yake, akalipa kodi ya nyumba, akasikia habari za Bwana D.C. wa Kisii mara moja kwa mwaka. Lakini karatasi ilikuwa imekwisha andikwa. Sheria ya mwaka 1930 iliyoahidi kuzilinda ardhi za Waafrika milele ilirekebishwa mapema sana, mara dhahabu ilipopatikana Kakamega, na watu wakajifunza kwamba neno milele katika sheria lina urefu wake.

Upande wa dini na elimu, misheni ya Waadventista ilianza Gendia mwaka 1906, na kutoka huko mafundisho yakaenea kando ya ziwa hata visiwani. Vitabu vilikuwa vya Kijaluo. Basi mtoto wa Msuba aliyetaka kusoma alisoma kwa Kijaluo, akasali kwa Kijaluo, akaenda sokoni kwa Kijaluo, na Kisuba kikabaki kwa bibi jikoni. Katika miaka ya karibuni pamekuwa na juhudi ya kukirudisha, hata Mfangano kuna kituo cha redio kiitwacho Ekialo Kiona, jina la Kisuba.

Tuje kwa uvuvi, maana ndio uliofanya ufuko kuwa na thamani. Nyavu za uzi toka Ulaya, zile ziitwazo jarife, zilianza kutumika katika ghuba ya Kavirondo yapata mwaka 1905. Kabla ya hapo watu walitumia mitego ya matete, madema na ndoana. Jarife lilivua ngege kwa wingi usiopata kuonekana, na kwa muda mfupi ngege wakaanza kupungua. Mtaalamu aitwaye Michael Graham alitumwa kulipima ziwa katika miaka ya 1927 na 1928, naye akashauri kwamba tundu la wavu lisipungue inchi 5. Ushauri ulikuwa mwema, lakini wavu mdogo hufichika kwa urahisi na ziwa ni pana. Ngege akaendelea kupungua. Baadaye, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, samaki mkubwa mlafi, mbuta, alitiwa ziwani upande wa Uganda. Kwa miaka ishirini hivi alionekana mmoja mmoja; kisha katika miaka ya 1980 akajaza ziwa, akala fulu karibu wote, akaleta viwanda, magari ya barafu na fedha za kigeni. Watu wakamiminika fuoni kutoka kila upande. Visiwa ambavyo zamani vilikuwa na nyumba chache vikawa miji ya mabati. Remba, iliyo mbali zaidi kuelekea mpaka wa Uganda, ni mwamba tu, lakini watu wamejenga mlango kwa mlango hata hapana nafasi ya mti.

Mbuta alipoanza naye kupungua, samaki wa watu wadogo akabaki kuwa tegemeo. Huyu ni omena, ambaye pwani na Mwanza huitwa dagaa. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi zikiwa za umeme wa jua. Omena huufuata mwanga, nao wavu hupitishwa chini yao. Mtu aliye juu ya kilima cha Mfangano usiku kama huo huona ziwa limejaa nuru kama mji. Asubuhi mashua hurudi, na kazi huingia mikononi mwa wanawake. Wao hununua kwa debe au beseni, na kumwaga omena juani wakauke.

Sasa omena ataka nini? Ataka mahali tambarare, peupe, pakavu, penye jua na upepo, karibu na mashua. Akipata siku moja ya jua kali hukauka, akaweza kusafirishwa hadi Kisumu na Nairobi. Akinyeshewa huoza, akauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na mama aliyemnunua kwa mkopo hubaki na deni. Na mtalii ataka nini? Yeye pia ataka mahali tambarare, peupe, penye jua na upepo, karibu na maji. Ila hapendi harufu. Hivyo mchanga ule mmoja, ambao ndio sifa ya Takawiri, wahitajiwa na wawili, na kila mmoja ana haki ya kuuona kuwa mzuri. Hoteli huleta kazi za wapishi, walinzi, waendesha mashua na mafundi, nayo hununua samaki. Hakuna mtu mwenye busara atakaye ifungwe. Lakini kazi kumi au ishirini hazilingani na njia ya kujipatia riziki ya kijiji kizima, na kama siku moja ufuko wote wa kisiwa kama hiki ungezungushiwa uzio, mwenye shamba nyuma ya uzio angekuwa na ardhi asiyoweza kutoka nayo wala kuingia nayo.

Je, sheria yasemaje? Baada ya Uhuru, ardhi za makabila ziliwekwa chini ya amana ya mabaraza ya wilaya, kisha ikaja kazi ya kuzipima na kuwaandikia watu hati. Sheria ya mwaka 1968 ndiyo iliyoweka utaratibu. Ofisa wa ardhi huja, kamati ya wazee wa mahali huchaguliwa, mipaka hutembelewa kwa miguu, majina huandikwa, na daftari huwekwa wazi kwa siku 60 ili mwenye malalamiko ayalete. Utaratibu huo ni mzuri kwa mtu aliyepo. Lakini mvuvi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Siku hizo 60 huenda yuko Remba au Muhuru akifuata samaki, au ni kijana aendaye kutafuta kazi Mombasa, au ni mjane ambaye ndugu za marehemu hawakumwambia kitu. Tena kwa sheria ya usajili ya mwaka 1963, mtu aliyeandikwa mara ya kwanza hakuweza kufutwa na mahakama hata kama aliandikwa kwa hila. Kifungu hicho kiliwaumiza watu wengi katika Kenya kabla hakijaondolewa na sheria mpya ya mwaka 2012. Aliyelala siku 60 aliamka amekuwa jadak katika ardhi ya babu yake, na safari hii hapakuwa na ukoo wa kumkaribisha.

Hati ni kitu chema. Mwenye hati aweza kukopa benki, aweza kujenga nyumba ya mawe, aweza kumfukuza mvamizi. Aweza pia kuuza. Na kipande cha ardhi chenye mchanga mweupe hupata mnunuzi upesi kuliko shamba la mawe lililo kilimani, hata kama kwa wazee shamba la mawe ndilo lililokuwa na kaburi na kwa hiyo ndilo lililokuwa la thamani. Katiba ya mwaka 2010 imeweka mipaka fulani. Mtu asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja. Aweza kukodi tu, tena si zaidi ya miaka 99. Ziwa lenyewe, na maziwa na mito yote, ni mali ya umma. Hati ya mtu haiwezi kuingia majini. Na ukanda wa kandokando ya maji unalindwa na kanuni, ambazo huupima kuanzia mahali maji yalipopata kufika juu kabisa.

Kanuni hiyo si mchezo wa makarani. Ziwa hupanda na kushuka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi, na maji yakapanda zaidi ya mita 2. Fuo zikafunikwa, nyumba zikahamishwa, miti ikasimama majini ikafa. Baada ya hapo maji yalishuka polepole, na mwaka 2006 yalikuwa yameshuka kuliko wakati wowote kwa muda wa miaka 80. Fuo mpya zikatokea. Watu wakapanda mboga, wakajenga vibanda, na wenye fedha wakajenga nyumba nzuri penye udongo ambao babu zao walivulia samaki. Vijana hawakuwa na kumbukumbu ya 1964, na wazee waliosema hawakusikilizwa sana. Kisha zikaja mvua za mwaka 2019. Kufikia Mei 2020 kipimo cha maji kilichoko Jinja kilipita ile alama ya 1964. Na mwaka 2024 kikapita tena. Kandokando ya ziwa, katika Kenya, Uganda na Tanzania, maji yaliingia mahotelini na vibandani bila kuuliza nani ana hati.

Takawiri si peke yake katika shauri hili. Karibu na mji wa Mwanza kuna kisiwa kidogo cha mawe kiitwacho Saanane. Jina hilo ni la mtu, Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekaa hapo na jamaa yake. Mwaka 1964 Serikali ya Tanzania ilikitwaa kisiwa kikawa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 hifadhi ya taifa. Mzee alipewa heshima ya jina, na jina lake sasa liko katika vibao na tikiti. Huko Uganda, kisiwa cha Ngamba, chenye ekari kama 100, kilipatikana mwaka 1998 kuwa makao ya sokwe yatima. Huko Naivasha, Kisiwa cha Mwezi Mchanga, ambacho kwa Kiingereza huitwa Crescent Island, ni mali ya watu binafsi, na mgeni hulipa kiingilio atembee kati ya twiga na pundamilia. Ila maji ya Naivasha yakipungua kisiwa hicho huungana na bara, na neno kisiwa hukosa maana mpaka mvua irudi. Na Migingo, kijiwe kilichoko magharibi ya Muhuru katika upande wa Migori, ambacho hakifiki hata ekari moja, kilizigombanisha Kenya na Uganda tangu askari wa Uganda walipofika hapo mwaka 2004, hata serikali mbili zikatuma wapima ramani pamoja mwaka 2009. Hapana aliyekitaka kwa ajili ya udongo wake. Kilitakiwa kwa kuwa mashua yaweza kutia nanga hapo, karibu na penye mbuta.

Katika haya yote twaona kwamba thamani ya kisiwa kidogo haimo katikati yake, imo pembeni, katika ule utepe mwembamba ambao nusu ni nchi na nusu ni maji. Ukoo uliuacha wazi kwa wote. Sheria ya leo nayo yataka kuuacha wazi, ingawa kwa njia ya mita na vipimo. Baina ya hizo mbili zilipita sheria kadha wa kadha ambazo hazikuuona kabisa, kwa sababu ziliandikwa na watu waliofikiri habari za mashamba.

Tangu mwaka 2007 kila ufuko wa uvuvi katika Kenya unatakiwa kuwa na chama chake cha usimamizi, kiitwacho BMU, ambacho wanachama wake ni wenye mashua, vibarua wa mashua, na wachuuzi, wanawake kwa wanaume. Chama huandikisha mashua, hupima samaki, hukamata nyavu haramu na makokoro, na huamua nani akaushe wapi. Hapo ndipo mahali pa kulizungumza shauri la mchanga, hoteli ikiwa upande mmoja wa meza na akina mama wa omena upande wa pili. Na ni jambo jema litendeke wakati kuna urafiki, kabla ya uzio wala kesi. Jambo la kwanza lingekuwa kupima na kuandika, kwa mashahidi, ni sehemu gani ya ufuko ambayo mashua huvutwa na omena huanikwa, na maji yalifika wapi mwaka 2020 na 2024. Wazee walioziona alama za 1964 ni wachache sasa. Alama hizo hazimo katika hati ya mtu yeyote, bali wao waweza kusimama mahali penyewe na kuonyesha kwa fimbo.

Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa tangu tarehe 1 Aprili hata tarehe 31 Julai, ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo minne mchanga huwa mtupu, wala hakuna mtu aliye na haraka.